Mbolea umeweka, mbona mahindi yamedumaa?

Mkulima huja na jani la hindi mkononi, limeingia rangi ya zambarau ukingoni. Alipandia mbolea ya DAP, akapalilia kwa wakati, mvua ilimtosha, lakini mahindi hayapandi. Swali huwa moja: niongeze mbolea gani? Mimi humwomba kwanza akalete mche mzima.

Uchimbue kwa jembe. Ukiuvuta, mizizi myembamba itabaki chini, na ndiyo tunayoitafuta. Kisha uoshe. Ukikuta mizizi mifupi, minene nchani kama vidole, haina vile vinywele vya kunyonyea maji, shuku tindikali ya udongo. Hapo kuongeza mfuko mwingine ni kumwaga pesa.

Tindikali hupimwa kwa pH, na namba ikishuka tindikali hupanda. Udongo ukishuka chini ya pH 5.5, alumini iliyokuwa imetulia ndani yake huanza kuyeyuka na kudumaza ncha za mizizi. Alumini hiyo na chuma hushika pia fosfati, chakula cha mmea ambacho kikikosekana jani huingia zambarau. Mfuko wa kilo 50 wa DAP una kilo 23 za fosfati, na katika udongo wa namna hii sehemu kubwa hunaswa kabla mmea haujaifikia. Tena usidharau tofauti ndogo ya namba: pH 5 ina tindikali mara kumi ya pH 6.

Tindikali huletwa na mvua nyingi inayoosha kalsiamu na magnesiamu, na mavuno tunayobeba kila msimu bila kurudisha kitu. Mbolea nazo zimo. SA (salfeti ya amonia) ndiyo kali zaidi; urea na DAP hufuata, ila taratibu.

Hata hivyo, zambarau huweza kuletwa na baridi au maji yaliyotuama, kwa hiyo pima. Pita shambani kwa zigizaga, chukua udongo sehemu 15 hadi 20, kina cha sentimita 20. Ruka kichuguu, palipokuwa zizi, palipochomwa takataka na njia ya miguu. Changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, isiyo na mabaki ya mbolea, kisha pima nusu kilo, anika kivulini na upeleke maabara. Bonde na mteremko visichanganywe; kila kimoja kiwe na sampuli yake.

Majibu yakionyesha tindikali, dawa ni chokaa ya kilimo. Kiasi kifuate majibu ya maabara, kwani udongo wa mfinyanzi huhitaji chokaa nyingi kuliko wa kichanga hata pH zikilingana. Jirani asikukadirie. Ukizidisha, zinki na chuma hupungua kwa mmea na unakuwa umehamisha tatizo. Mwaga miezi miwili au mitatu kabla ya kupanda, ukiichanganya na udongo kwa jembe, kwa sababu chokaa iliyoachwa juu hushuka polepole mno. Usiichanganye na urea, DAP wala SA. Naitrojeni ya mbolea hizo itapotea hewani.

Majivu ya jikoni? Yanasaidia kweli, lakini ya jiko moja yanatosha bustani ya mboga, si ekari. Samadi na mboji iliyoiva hupunguza makali ya alumini, basi usiziache hata ukiwa na chokaa.

Mwenye chai asiguse chokaa: chai hustawi kwenye pH ya 4.5 hadi 5.5. Na wa viazi mviringo aweke kwa tahadhari, maana chokaa nyingi huvitia viazi ukurutu.