Usafi wa nyumba kama kazi ya pembeni Mwanza: kagua kwanza, bei baadaye

Kinachoua biashara ndogo ya usafi, hasa ya mtu anayeifanya Jumamosi baada ya wiki nzima ya ajira, si ukosefu wa mashine. Ni bei iliyotajwa kwenye simu. Mteja anasema "vyumba vitatu na sebule", unamtajia bei, halafu unafika Buswelu na kukuta mafundi wametoka jana: saruji imegandia tailizi, matone ya rangi yamejaa kwenye vioo, maji bado hayajavutwa. Kazi ya saa tano inakula siku mbili ambazo huna.

Nenda ukaione nyumba jioni moja katikati ya wiki. Dakika ishirini zinatosha. Anza na maji. Nyumba nyingi za Mwanza zimepanda vilimani juu ya miamba, na huko maji ya bomba hukatika au hutoka kwa kuchuruzika. Fungua bomba, gonga simtanki ujue limebaki na kiasi gani. Kwa usafi wa kina wa vyumba vitatu mimi hupanga ndoo nane hadi kumi za lita 20. Zisipokuwepo, mteja anunue maji kabla hujafika.

Kisha angalia madirisha na taa. Vijidudu vya ziwani hutoka makundi makundi, hasa mwezi unapoandama, hufuata mwanga na kufia kwenye nyavu, reli za alumini na ndani ya vifuniko vya taa. Nyumba za Capri Point na Kirumba zinazotazama ziwa hupata zaidi. Hapa wengi huharibu: wanapitisha tambara bichi moja kwa moja, vijidudu vinapondeka na kuacha michirizi kwenye rangi ya ukuta. Fagia vikiwa vikavu kwa brashi laini. Reli zisafishe kwa brashi ya rangi ya inchi moja, ndipo ulete maji ya sabuni. Pangaboi lipanguse kwa foronya kuukuu: valisha panga, kamata, vuta, vumbi linabaki ndani ya foronya badala ya kumwagikia kitanda.

Sakafu ndiyo inayoamua saa. Ukungu wa saruji kwenye tailizi hutoka kwa asidi iliyopunguzwa, sehemu moja kwa kumi ya maji. Mimina asidi ndani ya maji, kamwe usimimine maji ndani ya asidi. Lowanisha sakafu kwanza ili saruji ya kwenye maungio isiinywe asidi, sugua eneo dogo, suuza ndani ya dakika mbili au tatu. Kwenye terazo usiitumie kabisa: ina saruji na chembe za mawe ya chokaa, na ikishapauka hakuna dawa isipokuwa kusaga upya. Rangi kwenye kioo ikwanguliwe kwa wembe kioo kikiwa kimelowa sabuni. Kikiwa kikavu, punje moja ya mchanga itakiachia mkwaruzo wa kudumu.

Ukishaona hayo, hesabu saa. Tuseme watu wawili kwa saa tano, yaani saa kumi za kazi. Ukijiwekea shilingi 5,000 kwa saa, ni 50,000. Usafiri 8,000, sabuni na dawa 7,000, jumla 65,000. Ongeza asilimia 10 kwa vifaa vinavyochakaa: 71,500. Saa zako mwenyewe zihesabu kama za kibarua, maana ukizitoa bure hutaweza kumlipa mtu siku utakapobanwa kazini. Na Jumamosi moja ibebe nyumba moja kubwa au mbili ndogo, si zaidi.

Vifaa vya kuanzia ni vichache: ndoo mbili (moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia), dekio, raba ya kukaushia vioo, brashi ngumu, glovu, na vitambaa kumi na viwili vya rangi tatu. Nyekundu ni ya choo tu, na haiingii jikoni hata ikifuliwa.

Kwa kuua vimelea, jiki (dawa ya klorini) ya asilimia 3.5 inatosha mililita 300 kwenye ndoo ya maji ya lita 10. Osha uchafu kwanza, kwa sababu uchafu huimaliza nguvu klorini. Kisha ipake na uiache dakika kumi. Changanya ya siku hiyo tu. Sasa hili naomba lishikwe na kila kibarua utakayemwita: jiki na dawa ya choo yenye asidi zikikutana hutoa gesi ya klorini, na bafu dogo lisilo na dirisha linaweza kumwangusha mtu. Tumia moja, suuza kwa maji mengi, fungua mlango, ndipo ufikirie nyingine.

Makaratasi: TIN (namba ya mlipakodi) kutoka TRA, jina la biashara kutoka BRELA (wakala wa usajili wa biashara), leseni kutoka Jiji la Mwanza au Manispaa ya Ilemela, kutegemea ulipo. Kaya nyingi hazitakuuliza, ila ofisi na hoteli zitauliza.

Siku ya kazi, kabla ya kulowesha chochote, piga picha za nyufa, madoa ya sofa na vioo vilivyopasuka, umtumie mteja hapo hapo. Ukimaliza, zunguka naye chumba kwa chumba huku ndoo ikiwa bado na maji, ili atakachokionyesha ukirudie kabla hujafunga vifaa.