Umetubu, umeombewa, mbona moyo bado unakushitaki?

Mtu alikula fedha za kikoba miaka saba iliyopita. Ameokoka, ametubu, ameombewa, na bado wito ukitolewa Jumapili yeye ni wa kwanza kwenda mbele kutubia jambo lile lile. Wengi humwambia aongeze imani. Mimi namshauri kwanza atenganishe mambo matatu ambayo Kiswahili chetu cha kanisani kimeyafunga kwenye furushi moja: hatia, hukumu, na kujisikia mwenye hatia.

Hatia ni jambo la mahakamani: ulitenda au hukutenda. Hukumu ni adhabu iliyotamkwa juu ya aliyetenda. Kujisikia mwenye hatia ni kazi ya dhamiri, na dhamiri huchelewa kupata habari. Mawili ya kwanza humalizwa na Mungu siku mtu anapomwamini Kristo. La tatu linaweza kuchukua miezi. Asiyejua hilo hudhani kwamba kwa kuwa moyo unauma, basi kesi bado iko wazi.

Warumi 8:1 katika Biblia ya Kiswahili ya Union husema: "Sasa, basi, hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu." Watafsiri wetu hapa walifanya kazi nzuri. Neno la Kigiriki ni katakrima, ambalo katika Agano Jipya lote linapatikana mara tatu tu, zote ndani ya Warumi (5:16, 5:18 na 8:1), na linabeba hukumu pamoja na adhabu yake. Paulo hasemi kwamba hutasikia tena uchungu wa kosa. Anasema adhabu haipo.

Tazama pia mstari huo umekaa wapi. Sura ya 7 inamalizikia kwa mtu anayelia, "Ole wangu, maskini mimi!" kwa sababu lile asilolitaka ndilo analolitenda. Hakuna mahali katikati panaposema alikwisha kushinda. Mara inakuja "Sasa, basi". Wako wahubiri wanaounganisha hapo maneno "wasioenenda kwa kufuata mwili", na msikilizaji anaondoka akijua kwamba hukumu imeondolewa kwa wale tu ambao wiki hii wameenenda vizuri. Maneno hayo hayamo kwenye 8:1 katika nakala kongwe za Biblia ya Kigiriki za karne ya 4, yaani Vaticanus, na Sinaiticus kama ilivyoandikwa na mwandishi wake wa kwanza kabla ya masahihisho ya baadaye. Mahali pake halali ni mstari wa 4, ambapo yanaeleza namna anavyoishi mtu aliyekwisha kuwekwa huru.

Msingi wa kisheria uko sura ya 4, na neno lake ni "kuhesabiwa". Katika Kigiriki kitenzi hicho kimerudiwa mara 11 katika sura hiyo moja, na ni lugha ya vitabu vya hesabu: kitu kinaandikwa upande wa mtu. Watanzania tunajua misamaha ya Rais ya sikukuu ya Muungano na ya Uhuru. Mfungwa anapunguziwa kifungo, anatoka getini na mfuko wake wa nguo, lakini jalada bado linasema alitiwa hatiani. Kuhesabiwa haki kunakwenda mbali zaidi: haki ya Kristo inaandikwa kwenye ukurasa wako. Ndiyo maana Warumi 8:33 inauliza ni nani atakayewashitaki wateule wa Mungu, na haipati wa kujibu.

Wakolosai 2:14 inatumia picha ya dukani kabisa. "Hati" inayotajwa pale ni karatasi ya deni yenye mwandiko wa mdaiwa mwenyewe. Wino wa zamani ulitengenezwa kwa masizi na gundi ya mti, haukung'ata karatasi, kwa hiyo ungeweza kufutwa kwa sponji yenye maji. Kwenye daftari la Mangi, mwenye duka la mtaani, deni likilipwa hupigwa mstari, na ukikaza macho bado unasoma: sukari kilo mbili, sabuni, mkate. Kitenzi cha Paulo ni kufuta.

Sasa upande wa utendaji, ambako ndiko mambo huharibika.

Ungama kosa kwa jina lake. "Bwana nisamehe makosa yangu yote" ni sala nzuri ya jioni, lakini haitibu jambo mahususi linalokukaba. Neno la kuungama katika 1 Yohana 1:9 maana yake ni kusema sawasawa, yaani kuliita kosa jina lile lile analoliita Mungu. Basi sema "niliiba", si "nilipitiwa". Daudi mbele ya nabii Nathani hakutoa maelezo marefu: "Nimemfanyia BWANA dhambi." Jibu lilikuja hapo hapo, kwamba dhambi imeondolewa (2 Samweli 12:13). Ukiona ungamo lako lina "lakini" ndani yake, anza upya.

Kisha rudisha. Sehemu hii imekuwa adimu mno kwenye mahubiri yetu, na nadhani ndiyo sababu dhamiri za wengi hazitulii. Walawi 6:1-7 inamtaka mwizi arudishe kitu kizima na kuongeza sehemu ya tano, akimpa mwenyewe siku ile ile anayoleta sadaka ya hatia. Kwa hesabu ya leo, aliyeiba shilingi 50,000 angerudisha 60,000. Kama aliyekosewa amekufa na hana jamaa wa kupokea, Hesabu 5:8 inaelekeza malipo kwa BWANA, kwa mkono wa kuhani. Angalizo: kurudisha si bei ya msamaha. Kwa Zakayo mtoza ushuru, Yesu alijialika nyumbani kwanza, ahadi ya kurudisha mara nne ikafuata. Msamaha haufuti kesi ya polisi pia. Mnyang'anyi pale msalabani aliahidiwa Peponi, na bado alifia msalabani.

Upana wa ungamo ufuate upana wa kosa. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuenea Afrika Mashariki ulitufundisha kuungama hadharani, na kuna ndoa nyingi na ugomvi wa mashamba vilivyopona kwa njia hiyo. Lakini la siri kati ya wawili limalizwe na wawili. Usimtaje mtu wa tatu mbele ya kipaza sauti ili wewe ujisikie mwepesi.

Kosa linalonitia hofu kuliko yote ni la Yuda. Soma Mathayo 27:3-5 polepole. Alijuta. Aliungama kwa jina: "Nalikosa nilipoisaliti damu isiyo na hatia." Alirudisha vile vipande thelathini vya fedha, vyote. Alikosea anwani. Wale makuhani aliowapelekea walimjibu, "Basi, haya yatupasani sisi? Yaangalie haya wewe mwenyewe." Petro, aliyekana mara tatu, alilia kwa uchungu na hakuwaacha wenzake, na Yesu alimkuta kati yao. Ndiyo tofauti ya huzuni mbili za 2 Wakorintho 7:10: ile ya jinsi ya Mungu iletayo toba, na ile ya dunia iletayo mauti. Kwa hiyo anayekuambia hukumu yako itaondoka ukitoa sadaka ya kiasi fulani, au ukinunua mafuta yake, anakurudisha kwa wale makuhani.

Namna nyingine ya kukosea anwani ni "kujisamehe". Biblia haijampa mdaiwa kazi hiyo. Anayejitesa ili ajisamehe amejipandisha kwenye kiti cha hakimu, na anapata shida kwa sababu hana mamlaka ya kufunga jalada.

Halafu wako wenye dhamiri yenye wasiwasi, ambao kila ungamo huwazalia shaka jipya: je, nilitubu vya kutosha? Martin Luther, mwanamatengenezo wa kanisa, alikuwa hivyo alipokuwa mtawa kule Erfurt, Ujerumani, akikaa kwenye kitubio kwa saa nyingi. Kwa hawa dawa ya kawaida hugeuka sumu, maana kutubu tena kunalisha ugonjwa. Utaratibu ninaoutoa ni huu: ungama mara moja mbele ya mtu mmoja mwenye hekima, andika tarehe kwenye jalada la ndani la Biblia yako, na shitaka likirudi usitubu tena. Soma 1 Yohana 3:20 kwa sauti, Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu, halafu endelea kuosha vyombo au kufunga hesabu za duka. Mwanzoni wasiwasi utapanda, kisha kwa wengi hushuka. Ukiona wiki zinapita nao unakula saa kadhaa za kila siku, au unakunyima usingizi, muone daktari wa afya ya akili wiki hiyo hiyo. Ukipata mawazo ya kujiua, nenda hospitali leo hii na mtu wa kukusindikiza.