Loveless na wanaosema sauti imezama

Kila ninapoicheza albamu ya Loveless ya bendi ya My Bloody Valentine mbele ya mtu asiyeijua, lalamiko la kwanza ni lilelile: sauti ya mwimbaji imezama. La pili hufuata kabla wimbo wa kwanza haujaisha: kanda imevutika hii, au spika zako zimekufa. Nimechanganya sauti studio kwa miaka kumi na saba, na lalamiko la msikilizaji nalichukulia kwa uzito. Sikio la mtu asiyejua mitambo husema kweli hata pale linapokosa jina la kile linachokisikia. Kwenye albamu hii malalamiko yote mawili ni ya kweli. Sauti imezama, na gitaa linavutika. Ila vyote viwili vilifanywa kwa kukusudia, tena kwa jasho jingi.

My Bloody Valentine ni bendi iliyoanzia Dublin na kuhamia London. Kevin Shields anapiga gitaa na kuimba, Bilinda Butcher naye anaimba na kupiga gitaa, Debbie Googe yuko kwenye besi, Colm Ó Cíosóig kwenye ngoma. Walianza kurekodi mwaka 1989, wakapita studio 19, na albamu ikatoka Novemba 1991 chini ya kampuni ya Creation Records. Gharama yake imebishaniwa mpaka leo: inatajwa pauni 250,000, na Shields mwenyewe anakataa kwamba zilifika huko. Sokoni haikutikisa, maana kwenye chati ya Uingereza iliishia nafasi ya 24. Heshima ilikuja polepole. Mwaka 1999 jarida la Pitchfork liliiweka ya kwanza kati ya albamu zote za miaka ya tisini, na mwaka 2003 filamu ya Lost in Translation ikautumia wimbo wao "Sometimes", wakapatikana wasikilizaji ambao albamu ilipotoka walikuwa watoto wadogo.

Tuanze na gitaa. Magitaa aliyoyatumia Shields yana mkono wa chuma uliofungwa penye daraja la nyuzi. Ukiubonyeza, nyuzi hulegea na noti hushuka. Wapigaji wengi huubonyeza mara moja moja tu, kuipamba noti ya mwisho. Shields anaushika kiganjani muda wote huku akipiga, kwa hiyo kila kodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, inashuka na kupanda pamoja na mkono wake. Na nyuzi za gitaa hazilingani unene, basi hazishuki kwa kiasi kimoja. Kodi inafumuka kidogo, halafu inajifunga tena. Waliokulia na redio kaseti wanaijua hali hiyo: betri zikikaribia kuisha, wimbo unaanza kuyumba, unazama, unainuka. Ndiyo maana mtu anasema kanda imevutika. Sikio lake limeshika jambo lenyewe hasa.

Juu ya hapo akaongeza mwangwi uliogeuzwa, unaokua mbele badala ya kufifia nyuma. Pigo la kidole kwenye uzi, ule mgoto wa mwanzo unaotuambia "hili ni gitaa", hufunikwa. Kinachobaki ni mwili wa sauti usio na ukingo. Nimekutana na wengi wanaoapa kwamba kuna magitaa mia yamepangwa juu ya mengine. Shields amesema mara nyingi kwamba tabaka za gitaa ni chache kuliko watu wanavyodhani, na mimi namwamini, kwa sababu magitaa mia hayafanyi ukungu wa namna hii. Yanafanya matope.

Sasa sauti ya mwimbaji, maana hapa ndipo penye ubishi mkubwa. Maneno tunayatambua kwa konsonanti, na konsonanti hukaa zaidi sehemu ya juu ya sauti, kuanzia kama herzi (mitetemo kwa sekunde) 2,000 hadi 5,000. Gitaa lililokorogwa na kukwaruza linajaa eneo hilohilo. Ukiweka vyote viwili kwa kiwango kimoja, gitaa linazila konsonanti na kuacha irabu. Unasikia mtu anaimba, unausikia uzuri wa melodi, hata hisia unazipata, ila neno halikuponyoki tu, bali hulifikii kabisa. Fundi akitaka kuliokoa neno, hupunguza gitaa kwenye eneo hilo au huiinua sauti. Hapa hawakufanya lolote kati ya hayo. Zaidi ya hilo, Butcher mara nyingi alirekodi asubuhi akiwa ametoka tu kuamka, na sauti yake ikarudiwa na kupangwa tabaka juu ya tabaka. Tabaka zikizidi, makali ya kila konsonanti hutawanyika, na sauti inakuwa laini kama pumzi.

Mimi kazi yangu nyingi ni taarabu. Huku mtu anainuka kwenda kumtunza mwimbaji kwa sababu ya ubeti mmoja uliomgusa, na ubeti usiposikika hakuna kilichobaki. Ningemzamisha mwimbaji wa taarabu kiasi hiki, nisingeitwa tena, na wangekuwa na haki. Kwa hiyo simlaumu mtu aliyelelewa na muziki wa namna hiyo akiona Loveless haijakamilika. Anatafuta mtu wa mbele, na albamu haina mtu wa mbele. Sauti ya binadamu imekaa katikati ya vyombo kama chombo kingine.

Kuna lalamiko moja ambalo naliunga mkono bila kuitetea albamu, nalo ni la ngoma. Ó Cíosóig aliugua wakati wa kurekodi, na sehemu kubwa ya ngoma ikaundwa kwa vipande vya mapigo yake vilivyonaswa na kurudiwa. Zinakwenda sawa, lakini hazipumui. Kwenye "Only Shallow", ule mwanzo wa mapigo manne ya nguvu, ni yeye mwenyewe anapiga, na tofauti naisikia kila mara.

Maoni mengine yanatokana na chombo cha kusikilizia. Spika ya simu haina besi ya kutosha, na ukiiondoa besi ya albamu hii unabaki na ile sehemu ya kati iliyojaa, yaani kelele. Aliyeisikia kwa simu akaichukia, ameichukia simu. Tumia spika mbili za kawaida, sauti iwe juu kidogo kuliko ulivyozoea, kisha kaa mbali nazo. Hata matoleo yanagombanisha watu. Mwaka 2012 ilitoka upya kwa CD mbili, moja kutoka kanda ya kidijitali na nyingine kutoka kanda ya analogi ya nusu inchi, wapenzi wakaanza kubishana ipi bora, hadi ikagundulika kwamba lebo zilikuwa zimebadilishana. Ubishi wao sikuudharau. Tofauti waliyoisikia ilikuwepo, jina tu ndilo lilikaa kwenye CD nyingine.

Mwezi uliopita mpwa wangu alikuja studio na daftari. "Mjomba, nimeandika maneno ya 'Sometimes'," akaniambia, "lakini sina hakika hata mstari mmoja." Nikamsimulia jinsi Butcher alivyoandika baadhi ya mashairi ya bendi: Shields alimpa kanda yenye sauti yake ya majaribio, naye akaandika kile alichodhani amekisikia. Tukakubaliana niandike na mimi bila kutazama daftari lake. Tukaucheza wimbo mara nne, taa zimezimwa, kisha tukaweka karatasi mezani. Mistari mitatu ililingana. Mingine yote, yeye alikuwa na wimbo wake na mimi nilikuwa na wangu, akaomba tuucheze mara ya tano.