Mbona Umemtupa Mwanangu Nyuma?

Kila mwaka nikishabandika orodha ya viti, simu haikosi. Tunasalimiana kwa kirefu, tunaulizana habari za watoto na za mvua, kisha mzazi anateremsha shehena: “Mwalimu, mbona huyu wangu umemtupa nyuma?” Nafundisha fidla hapa Nairobi, na kwenye okestra yetu ya vijana mimi ndiye ninayepanga viti vya nyuzi, yaani wapiga fidla, viola na chelo. Basi leo nijibu kwa kituo.

Wapiga fidla hukaa wawili wawili, stendi moja ya kuwekea nota kwa kila jozi. Aliye upande wa wasikilizaji hupiga sauti ya juu pale nota zinapogawanyika. Mwenzake hufungua kurasa. Stendi ya kwanza huongoza pinde: ukipanda wa kiongozi, zote zinapanda. Kazi ngumu iko mwisho kabisa. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ukikaa mita 10 kutoka mbele, unachokisikia kimeshachelewa kwa sekunde 0.03 hivi. Ni kidogo, lakini ukikifuata, wewe unachelewa, jirani anakufuata wewe, na kundi zima linaburutwa kama mkokoteni kwenye kilima. Huko nyuma mtu hupiga kwa macho: mkono wa kondakta (huyu wetu huongoza okestra, hadai nauli) na ncha ya upinde wa kiongozi. Mtoto mwoga hakuwezi. Ndiyo maana kila mwaka namchukua mmoja wa wapigaji wangu imara nikampeleka stendi ya mwisho, naye hununa wiki mbili.

Sasa mchujo wenyewe, ule unaoamua nani akae wapi. Safari hii tumewapa vipande vya Simfoni ya Tano ya Beethoven. Wengi wa vijana wangu wametoka kwaya za kanisani na wanasoma solfa zaidi kuliko nota za mistari mitano, kwa hiyo mwanzo wake nimewaandikia ubaoni: m m m d, r r r t. Wakauimba papo hapo, wakicheka. Nikawauliza, kitu cha kwanza kwenye ukurasa ni kipi? “Mi!” Hapana, ni kimya. Kuna pumziko la nusu pigo kabla ya mi ya kwanza. Asiyelihesabu pumziko hilo huzigeuza zile mi tatu kuwa tripleti, yaani nota tatu zinazogawana pigo moja sawasawa, na sisi tulio upande wa pili wa pazia tunajua kabla hajafika kwenye do. Nikawaambia wavute pumzi puani palepale penye kimya, upinde ukiwa tayari juu ya uzi. Tulirudia hilo tu kwa dakika 20. Hatukupiga kitu kingine.

Ndiyo, tunasikiliza nyuma ya pazia, mtindo ulioenea kwenye okestra za Marekani katika miaka ya 1970 na 1980. Kila mtoto ana namba, na viatu anaviacha mlangoni, maana mimi huwatambua kwa mwendo.

Kasi ndiyo huwamaliza wengi. Beethoven aliandika mapigo 108 kwa dakika, kila kipimo (fungu la nota kati ya mistari miwili ya wima) pigo moja, na vijana wanaisikia hivyo kwenye simu zao basi wanaanzia hapo. Mimi mwenyewe nilianguka mchujo wangu wa kwanza kwa kosa hilohilo: nilianza kwa kasi ya rekodi, kipimo cha sita vidole vikagoma, nikasimama nikitazama stendi kama niliyepoteza nauli. Anza na 60. Ikikaa mara tatu mfululizo bila kosa, ongeza 4. Ikivunjika, rudi 4. Jirekodi kwa simu kila jioni, usikilize kesho yake asubuhi. Usiku huohuo masikio bado yanakupendelea.

Kwa wapiga viola na chelo, mwanzo wa sehemu ya pili ya simfoni una nota zenye nukta, ile inayorefusha nota kwa nusu yake, ambazo karibu kila mtu huzilegeza. Gawa pigo kichwani kwa nne. Hakuna siri nyingine.

Tamasha lina mambo yake. Nyuzi mpya huvutika na sauti hushuka, kwa hiyo badilisha angalau wiki moja kabla, si asubuhi ya siku yenyewe. Beba vibanio vya nguo vya kushikia nota, kwa sababu ukumbi wetu una madirisha makubwa na upepo. Halafu fanyeni zoezi la kupotea: kondakta aendelee, nyinyi mtafute njia ya kurudi bila kusimama. Usiku simfoni hii ilipopigwa mara ya kwanza Vienna, tarehe 22 Desemba 1808, kipande kingine cha tamasha hilohilo kilivurugika hadi ikabidi kianzwe upya.

Wapiga tromboni ndio ninaowahurumia. Hukaa kimya sehemu tatu nzima, na sehemu ya nne inaingia bila kituo, nao wanatakiwa walipuke pamoja na wote. Jumamosi nilimkuta mmoja ameukumbatia mdomo wa tromboni kwapani, kama kifaranga. “Naupasha moto, mwalimu.” Yuko sahihi, chuma baridi hushusha sauti.

Na yule mzazi nimemwambia apande roshani, akae upande wa kulia. Ukikaa chini, walio mbele humziba mtu wa stendi ya mwisho.