Sindano ni ya maumivu, presha iko na dawa yake

Mimi hudunga watu wa maumivu zile sindano za Kichina, akupancha. Juzi mama mmoja anauza samaki pale soko la Kibuye, Kisumu, alikuja kwangu ameshika kiuno, na kabla hata hajakaa vizuri nikamfunga ile mashini ya presha kwa mkono, ikasoma 178 kwa 104. Nikamuuliza, mama, dawa za presha unameza? Akaangalia chini. "Daktari niliacha, miezi miwili sasa, niliambiwa hizi sindano za Kichina zinasafisha damu zinatoa kila kitu." Aliyemwambia hivo simtaji, lakini iliniuma sana, manake huyo mama angepigwa na stroke akiwa kwa meza yake ya samaki na watoto bado wako shule.

Siku hiyo sikumdunga. Nilimuitia boda akapelekwa hospitali ya Jaramogi, ile tunaita Russia, arudishwe kwa dawa kwanza, na nikamwambia kiuno chake kitangoja.

Sasa wacha nieleze hii kazi vile iko. Sindano ya akupancha haina dawa ndani, haina hata tundu, ni kawaya kembamba ka chuma kama milimita 0.25 hivi, na ile sindano ya kutoa damu hospitalini mara nyingi ni 0.8, kwa hivo ukiogopa sindano ujue hii ni kitu ingine kabisa. Inatoka kwa paketi imefungwa, inatumika mara moja, inatupwa kwa kale kandoo ka vitu vyenye ncha. Ukiona mtu anachovya sindano kwa spiriti halafu anamdunga mwingine, toka hapo.

Mtu wa goti nikimshughulikia kuna mahali pamoja lazima niguse, vidole vinne chini ya kifuniko cha goti, kando kidogo ya muundi upande wa nje, Wachina wanapaita Zusanli. Nagonga sindano inaingia, mtu hasikii chochote, halafu naizungusha polepole na hapo anakunja uso kidogo anasema "daktari, mguu umekuwa mzito." Si uchungu wa kuchomwa, ni kama kuvutwa ndani ya nyama, mzito mzito, wakati mwingine inateremka hadi kwa wayo. Wachina wanaiita de qi. Wazee wao wanasema nguvu ya mwili inapita kwa njia zake na sindano inaifungulia, sisi tuliosomea neva tunasema sindano inaamsha neva, neva inapeleka habari kwa uti wa mgongo na ubongo, na mwili unatoa dawa zake wenyewe za kupunguza maumivu. Unalala hivo dakika 20 au 30, wengi wanashikwa na usingizi.

Na inasaidia? Kwa maumivu ya muda mrefu, ndio. Mwaka wa 2018 kulitolewa uchambuzi uliojumlisha majaribio 39 na wagonjwa zaidi ya 20,000, wa mgongo, shingo, bega, goti na kichwa, na waliodungwa walipata nafuu kuliko wale hawakudungwa, na sehemu kubwa ya hiyo nafuu ilikuwa bado iko baada ya mwaka. Lakini ukiwalinganisha na wale walidungwa sindano za kuigiza tu, tofauti ilikuwepo ila ilikuwa ndogo. Mimi hilo nawaambia wagonjwa wangu wazi. Sehemu ya kupona ni sindano, sehemu ingine ni kulala kimya ukiguswa na mtu anakusikiza, na siioni kama aibu.

Presha na sukari ni hadithi ingine. Hakuna mahali nitakudunga ndio uache amlodipini ya presha au metformini ya sukari. Kitu sindano inaweza kufanya kwa mtu wa presha ni kumpunguzia haja ya diklo, ile dawa ya maumivu, na hiyo si kitu ndogo, manake hizo diklo na brufeni watu wananunua kwa duka kila wiki zinapandisha presha, zinachoma tumbo na zinaumiza figo. Mtu wa sukari ambaye nyayo zimekufa ganzi, huko chini simdungi ovyo, kidonda hakikawii.

Na si kila mgongo ni wa kudunga. Ukiumwa mgongo na unapungua mwili, unatoa jasho usiku, hiyo inaweza kuwa TB ya uti wa mgongo. Mkojo ukikataa kutoka au ukitoka wenyewe, miguu ikiisha nguvu, kukawa na ganzi katikati ya mapaja, usinipigie mimi, kimbia hospitali siku hiyo hiyo.

Yule mama alirudi baada ya wiki mbili, presha 142 kwa 88, tukaanza. Lakini kilichomsaidia zaidi naamini ni siku nilipita Kibuye nikaona vile anafanya kazi, anapara samaki ameinama juu ya meza fupi inamfika magotini, kutoka asubuhi hadi jioni. Tulitafuta kreti nne za soda tukaweka chini ya miguu ya meza. Chumvi tumepunguza, isizidi kijiko kimoja kidogo cha chai kwa siku kwa vyakula vyote, na hapo ilikuwa vita kwa sababu yeye anapenda samaki wa chumvi. Jioni anatembea hadi nyumbani badala ya boda. Tumefika siku ya tano ya kudungwa sasa, na diklo hajanunua tangu tuanze.

Ukija, kuja umekula, watu huzirai wakidungwa wakiwa na njaa. Vaa suruali inayokunjika hadi juu ya goti, niambie kama una mimba au unameza dawa ya kufanya damu iwe nyepesi, na beba dawa zako zote kwa karatasi vile ziko, hata zile za miti shamba.