Kwa nini kobe aliyetelekezwa hapewi chakula kwanza?

Ukimkuta kobe aliyesahaulika kwenye boksi nyuma ya nyumba, macho yameingia ndani na gamba linabonyea ukiligusa, mkono hukimbilia mchicha. Huruma hiyo ni njema, lakini chakula cha saa hiyo kinaweza kumuua.

Kobe, kama mjusi na nyoka, hutegemea joto la nje, hasa la jua. Mwili ukiwa baridi, vimeng'enya vyake vya kusaga chakula hufanya kazi kwa kujikongoja, na majani aliyomeza hubaki tumboni yakachacha. Kuna na hatari nyingine: mnyama aliyeshinda njaa muda mrefu akilishwa kwa wingi mara moja, madini ya fosfati na potasiamu kwenye damu hushuka ghafla, na moyo unaweza kusimama.

Ndiyo maana joto hutangulia. Anawekwa mahali penye upande wa nyuzi joto 30 hivi na upande wa kivuli, achague mwenyewe. Kisha maji: beseni la maji vuguvugu yasiyofika puani, kama dakika 20, mtu akiwa karibu. Kobe huweka akiba ya maji kwenye kibofu. Akikaukiwa, ule uji mweupe unaotoka na mkojo wake huwa mgumu wenye chengachenga, na unaweza kugeuka jiwe. Ukishalainika na kobe akaanza kukojoa vizuri, hapo apewe majani machache. Akiendelea kukataa, daktari wa mifugo anaweza kumlisha kwa mrija.

Gamba nalo lina habari yake. Wengi hulidhani nyumba anayoibeba tu, kumbe ni mfupa hai: mbavu na uti wa mgongo vimeungana humo, juu yake vikafunikwa na kitu kile kile kinachojenga kucha zetu. Likilainika, ujue mifupa yote inaumwa. Mionzi ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, ikipiga ngozi ya kobe, mwili hutengeneza vitamini D3, na bila hiyo utumbo haufyonzi kalsiamu ya kutosha. Mwili basi huanza kuichota kutoka kwenye mifupa yenyewe. Jua la dirishani halisaidii, maana kioo huzuia mionzi hiyo, kwa hiyo hata kobe wa ghorofani Nairobi, karibu kabisa na ikweta, anaweza kulegea miguu. Ugali na mkate huzidisha tatizo, kwani vina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo. Yule kobe wa madoadoa wa mbuga zetu hula nyasi na magugu.

Kupona huchukua miezi mingi. Gamba hukaza tena, ila vilima vilivyokwisha kuota juu yake havisawaziki. Sehemu mpya tu ndiyo hukua bila vilima.

Akipona, asiachiwe tu porini. Kobe aliyefugwa anaweza kubeba maradhi ya njia ya hewa yakaangamiza wenzake. Tena Kenya na Tanzania kufuga wanyamapori bila kibali ni kosa, kwa hiyo ukimwokota, mapema kabisa toa taarifa ofisi ya wanyamapori: KWS kwa Kenya, TAWA kwa Tanzania. Kwa safari ya kwenda huko, boksi lenye matundu na chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa taulo vinamtosha.