Soko la zabuni za mawakili ni nini?

Mwaka 1971, mume na mke waitwao Goldfarb walikuwa wananunua nyumba katika kaunti ya Fairfax, jimbo la Virginia, Marekani. Ili wapate mkopo, ilibidi wakili akague umiliki wa nyumba hiyo. Wa kwanza akawatajia asilimia 1 ya thamani ya nyumba. Wakaona ni ghali, wakawaandikia barua mawakili wengine 36. Walijibu 19, na hakuna hata mmoja aliyeshuka chini ya hapo: chama chao kilikuwa na orodha ya ada za chini. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, nayo mwaka 1975 ikaamua kwamba orodha ile ilivunja sheria ya ushindani.

Soko la zabuni ni zile barua 36, ila zinatumwa kwa mbofyo mmoja. Mteja anaeleza kazi yake kwenye tovuti, mawakili wanatuma bei zao, yeye anachagua. Ni mnada uliopinduliwa: wanaoshindana ni wauzaji, na bei inashuka badala ya kupanda. Marekani, tovuti iitwayo Shpoonkle ilijaribu mtindo huo mwaka 2011.

Bei siyo kazi ngumu hapa. Ugumu uko kwenye maelezo ya mteja. Andika "nahitaji wakili wa mkataba" uone: mmoja atataja ada ya kusoma tu, mwingine ya kuandika upya, na utabaki unalinganisha maembe na mananasi. Andika badala yake "mkataba wa kupanga duka, kurasa 12, miaka 5, nataka usomwe, na nielezwe kifungu cha kupandisha kodi, kabla ya Ijumaa", na bei zitakazokuja zitakuwa za kazi moja. Ndiyo maana zabuni inafaa kwa mikataba, wosia au kusajili kampuni. Kesi ya mahakamani ni habari nyingine, maana nani ajuaye mpinzani ataomba kesi iahirishwe mara ngapi?

Halafu tovuti nayo inakula wapi? Sheria za maadili katika majimbo mengi ya Marekani zinamkataza wakili kugawana ada na asiye wakili. Avvo, tovuti ya Marekani ya kutafutia mawakili, haikuwa ya mnada, bei ilizipanga yenyewe, lakini kwa kuwa ilimtoza wakili fungu kwa kila kazi, mwaka 2017 kamati za maadili za New Jersey ziliwakataza mawakili kuitumia huduma hiyo. Ada ya uanachama isiyotegemea kazi iliyopatikana ni salama zaidi.

Kenya mambo ni kinyume kabisa cha Fairfax. Kule orodha ya ada za chini iliangushwa. Hapa inalindwa na sheria yenyewe. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Mawakili kinasema ni kosa wakili kujitangaza kuwa yuko tayari kufanya kazi chini ya ada zilizowekwa. Kwa hiyo anayeweka zabuni Nairobi hana ruhusa ya kushuka chini ya sakafu hiyo. Anachoweza kushindania ni muda, uzoefu, na kile kinachozidi hapo.